Mfunga Marobota na Mshale Wake

Kila alipoachia mshale alifumba macho. Hakufumba kabla, maana angekosa shabaha. Alifumba pale tu vidole vilipouachia ugwe wa upinde, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Mshale ukimpata mnyama, alisema, unausikia kabla hujauona. Ngozi hulia kama mto wa kulalia uliopigwa ngumi. Mfupa hulia kama kuni mbichi inayovunjwa. Ukikosa, husikii kitu ila majani. Hayo alinifundisha ndani ya stoo ya mizigo pale Xiaobei, mjini Guangzhou, China, katikati ya marobota ya nguo yaliyokuwa yakisubiri kontena, nami nimeshika daftari la chuo nikiandika kama mtu mwenye mtihani kesho yake.

Kazi yake ilikuwa kufunga marobota, na kwa kazi hiyo ndivyo alivyojulikana. Wafanyabiashara wa Kitanzania walikuwa ndio kwanza wanaanza kumiminika Guangzhou, miaka ile ya mwisho wa karne, na kila mmoja alipomaliza kununua aliuliza, "Mfunga marobota yuko wapi?" Sisi wanafunzi tulimwita Mzee. Mimi nilimwamkia shikamoo baba, naye aliitikia marahaba binti yangu, akaongeza "injinia" kwa kunitania, kwa kuwa nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo na sikuweza kufunga hata sanduku langu mwenyewe.

Alipanda juu ya robota kwa magoti, akavuta mkanda wa plastiki kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaliambia robota, kama mtu anayemsema mtoto, "Nyamaza." Mama mmoja wa Kahama, mnunuzi wa vitenge na redio, alimlalamikia siku moja mbele yangu.

"Mzee, mbona hili limekuwa zito hivi? Nyumbani wataniua kwa ushuru."

"Mama, uzito ni wa nguo au wa moyo wako?"

"Wa nguo, Mzee, usinichekeshe."

"Basi subiri." Akaliweka kwenye mzani, akachomeka ncha ya kiatu chini ya sahani, na robota likapungua uzito mbele ya macho yetu. Juu yake akaandika kwa kalamu nene kwamba ni nguo kuukuu, ilhali zilikuwa bado na harufu ya kiwandani. Hakuona haya hata kidogo. Alisema serikali zote mbili zinakula vizuri kuliko yeye.

Naeleza hayo ili ieleweke kwamba sikumchukulia kuwa mtakatifu. Alikuwa mwongo wa mizani na mwongo wa maandishi, na kwa sababu hiyo nilishangaa sana kuona jinsi alivyohangaika kutafuta ukweli wa jambo moja tu.

Jambo lenyewe nalisema mapema, lisije likaonekana fumbo. Asubuhi moja, milimani kwao upande wa Kondoa, yeye na mwanawe mkubwa walikwenda kuwinda mbawala. Mwana alikuwa mtu mzima, ameoa mwaka huohuo. Alizunguka kwa njia ya juu amswage mnyama, baba akabaki chini ya kichaka na upinde. Majani yakatikisika, baba akaachia. Mbawala hakuonekana, si mzima wala mzoga. Upande wa pili wa kichaka, katika njia, mwanawe alikutwa na mshale wa baba yake kifuani.

Polisi waliandika ajali wakafunga faili. Wazee wa kwao hawakufunga. Walimuuliza swali moja: mshale ulimpenya mbawala kwanza, ndipo ukampata kijana, au ulipiga asichokiona? Kama ulimpenya mnyama, ni msiba wa Mungu, watu wanazika na kulia pamoja. Kama alipiga asichokiona, kwao mtu huyo hutundika upinde na haruhusiwi kula tena chungu kimoja na watu wa nyumba yake. Alijibu kwamba ulipenya. Wazee wakatazamana, maana ukoo wao uliacha zamani kupaka mishale sumu, mishale yao ilikuwa na kazi hiyo tu ya kupenya, na waliijua nguvu yake kama wanavyojua chumvi ya mboga zao. Hawakumwamini. Mkewe naye alimuuliza swali lake, akapewa jibu lilelile. Mke alibaki katika nyumba, mume ndiye aliyeondoka, akapokewa na mpwa wake aliyekuwa akisafiri kununua mali, na mwisho wa safari hiyo ndio ile stoo.

Kwa hiyo Jumapili, stoo ilipofungwa, alikuwa akitengeneza mbawala. Sijui niseme vipi ili nisionekane nafanya mzaha. Alikuwa anakwenda Shiling, kule kwenye mji wa mikoba na ngozi, akirudi na ngozi mbichi ya mnyama mwenye ukubwa unaokaribia, akailoweka katika ndoo usiku kucha. Kwa muuza nyama alinunua mbavu za nguruwe, pande mbili nzima. Akapanga ngozi, mbavu, vitambaa vilivyolowa badala ya mapafu, halafu mbavu tena na ngozi tena, akavifunga kwa mkanda uleule wa marobota. Hatua nane nyuma ya mbawala huyo alitundika kitambaa cha bluu kutoka soko la Zhongda. Nilipouliza kwa nini bluu, alisema, "Alivaa bluu." Upinde aliuchonga mwenyewe na alidai una nguvu sawa na ule wa nyumbani, kwa sababu ulimuumiza bega palepale.

Nyama aliyobandua kwenye mbavu alitupa sisi. Yeye hakula nyama ya aina yoyote. Bweni zima la wanafunzi wa Afrika Mashariki, Wakenya kwa Watanzania, lilishiba msiba wa yule mzee Jumapili baada ya Jumapili, na wengi hawakujua. Mkenya mmoja alikuwa akisema, "Huyu buda ni wa maana, aki," huku akilamba vidole. Mimi nilijua na nilikula.

Mwenye stoo alikuwa mwanamke wa mkoa wa mbali, mkali, anayesema Kichina cha shuleni na si cha watu wa mji ule. Tulimwita laoban, kama wanavyoitwa matajiri wote kule. Siku ya kwanza alipoukuta upinde alipiga kelele, na Mzee akajitahidi kujieleza kwa maneno kumi aliyokuwa nayo. Akaonyesha mkono unaovuta, akaonyesha pembe kichwani, akasema, "Wo, lu. Wo, lu." Alitaka kusema kwamba yeye alimpiga lu, mnyama wa jamii ya paa ambaye pembe zake huuzwa kule kama dawa. Laoban akanigeukia mimi.

"Anasema alipiga njia? Kwa nini mtu apige njia kwa mshale?"

Nikacheka. Katika Kichina chao mnyama yule na njia hutamkwa sawasawa, lu na lu, hata sauti haitofautiani. Nikamfafanulia laoban, akatikisa kichwa, akasema mei wenti, hakuna shida, ila asitoboe mali ya watu. Kisha nikamweleza Mzee kichekesho chenyewe. Naye alianza kucheka. Mdomo ukabaki wazi, kicheko kikakatika, akaenda kukaza robota ambalo lilikuwa limekwisha kukazwa.

Mshale wake haukupenya. Hapo ndipo nilipoingilia, na laiti ningevunjika mguu siku hiyo. Ulipita ngozi ya kwanza, ukavunja ubavu mmoja, ukaishia katika vitambaa kama kijiko katika ugali. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu uligonga mfupa ukapinda. Baada ya kila jaribio alikaa chini, mikono katikati ya magoti, na uso wake sikuweza kuutazama. Kila mshale uliokwama ulikuwa unamwambia kitu kilekile walichomwambia wazee.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa na fizikia. Nikamwambia, "Baba, shida si nguvu, ni mshale wenyewe. Tuurekebishe."

Uti, yaani kijiti cha mshale, ulikuwa na upindo kidogo. Nikamwonyesha kwamba mshale unaotoka ukiyumba hufika umeelekea kando, na nguvu zote zinaishia kusukuma nyama badala ya kuikata. Akaupasha moto, akaunyoosha kwa meno na viganja mpaka ukawa sawa. Uliingia zaidi, vidole viwili. Akatulia, kisha akasema, "Nakumbuka sasa. Jioni ile kabla ya kwenda niliinyoosha mishale yote." Nikaandika.

Halafu nikamwambia mshale mwepesi huenda kasi lakini huchoka upesi, ila mzito haukubali kusimamishwa, hasa uzito ukiwa mbele. Tukazungushia waya wa shaba nyuma ya kigumba, kile chuma cha ncha. Ukafika ubavu wa pili. Akafuta jasho. "Kulikuwa na umande," akasema. "Uti ulilowa. Ulikuwa mzito, binti, ulikuwa mzito kama huu." Nikaandika hilo pia.

Kigumba chake kilikuwa cha duara kilichochongoka, na nilimweleza kwamba ncha ya duara inasukuma ngozi kando na ngozi inaibana tena, ila bapa lenye makali pande mbili linakata na kujifungulia njia. Akapata kipande cha msumeno, akakichonga kwa tupa na kukinoa juu ya jiwe lenye mafuta mpaka kikanyoa nywele za mkono wangu. Tena nikaona palipofungwa kigumba kwa kano kuna nundu, na nundu ile ndiyo breki yenyewe. Tukafunga kwa uzi mwembamba, tukapaka nta, uti ukawa mwembamba kuliko kigumba, upite bila kuguswa katika tundu lililokatwa. Na kwa kila kitu nilichokibuni yeye alipata kumbukumbu yake. Makali: alinoa kwa mawe ya mtoni. Nta: mkewe alikuwa na mizinga ya nyuki.

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Mtu wa uhandisi anajua tofauti ya kupima kitu na kukitengeneza, ndilo somo la mwaka wa kwanza. Lakini nilipenda kuona uso wake unavyofunguka kila mshale ulipoingia zaidi, na nilijipenda mwenyewe nikiwa ndiye ninayeufungua.

Jumapili ile mshale ulipopenya, alivuta, akaachia, akafumba macho. Ngozi ililia, mfupa ulilia, halafu likaja pigo dogo la tatu upande wa pili. Nikapiga kelele na makofi. Mshale ulikuwa umetokea, umeruka zile hatua nane, umenasa katika kitambaa cha bluu, ukitikisika. Yeye alibaki amefumba macho muda mrefu. Alipoyafumbua alikwenda polepole, akauchomoa, akaingiza kidole katika tundu la kitambaa.

"Umepenya," akasema.

"Umepenya, baba."

Akalia kwa sauti, mzee mzima, ameegemea marobota ya watu. Nilidhani ni furaha. Leo nafikiri hata yeye hakujua ni nini.

Likizo yangu ya kwenda nyumbani ilikuwa karibu. Akachonga mikato mitatu katika mkia wa ule mshale, alama ya mishale yake yote, akaniomba niufikishe kwa mkewe pamoja na barua niliyoiandika mimi kwa Kiswahili kizuri, yenye hatua nane, ngozi mbili na mbavu pande mbili. "Mwambie watu wa chuo wamepima," akasema. Nikauchomeka katikati ya jora la kitambaa na ukafika Kondoa bila mtu kuuona.

Mkewe alikuwa mwembamba, mpole, mikono yake inanuka asali. Alinikaribisha uji, akanisikiliza nikisoma barua mpaka mwisho bila kunikatiza. Akaushika mshale, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akautazama dhidi ya mwanga wa mlango.

"Huu ni mzuri," akasema. "Huu hakuwa nao."

Akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa katika kanga. Akakifungua mbele yangu: mshale wa asubuhi ile. Uti ulikuwa mwepesi kama bua la mtama, umepinda kidogo. Kigumba kilikuwa msumari wa inchi sita uliofuliwa, butu, umefungwa kwa kano yenye nundu kubwa. Mikato mitatu ilikuwa palepale kwenye mkia. Sikuhitaji ngozi wala mbavu. Nilijua kwa mkono tu kwamba mshale ule usingeweza kumtoka mbawala upande wa pili, hata angekuwa mchanga wa mwezi mmoja.

"Mama," nikasema.

"Mimi sikumuuliza kama ulipenya, mwanangu. Wazee ndio walioulizia kupenya. Mimi nilimuuliza kama alimwona mnyama." Akaanza kuufunga tena mshale, mkunjo kwa mkunjo. "Shati la bluu nilimpa kijana mimi asubuhi ile. Nilimwambia vaa hili, porini uonekane."

Akanikabidhi. "Mpelekee aujaribu huu. Akinijibu nilichomuuliza, aje. Chungu ni changu, si cha wazee."

Nilirudi nao Guangzhou katika jora lilelile. Nikauweka chini ya kitanda changu, na kwa miezi minne nikawa napitia mtaa mwingine. Watu waliniambia Mzee ananiulizia. Waliniambia amenunua sanduku jipya. Nikasema nina mitihani. Hakuna mitihani ya miezi minne hata China.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mchana, siku ya kazi, mvua inanyesha na wateja hawapo. Alikuwa juu ya robota lililofungwa nusu. Alikuwa amekonda. Sanduku jipya lilikuwa pembeni, limefungwa kwa mkanda wa plastiki, limekazwa kama anavyokaza yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Injinia. Umepotea kama pesa ya noti." Akashuka. Macho yake yalikuwa tayari kwenye kanga niliyoishika. Aliijua.

Nikamwambia yote, neno kwa neno kama nilivyoambiwa, pamoja na shati na chungu. Nilisema haraka, nikitazama sakafu. Akaufungua mshale. Hakuupima, hakuutazama dhidi ya mwanga. Alitafuta ile mikato mitatu kwa kidole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Tuujaribu?" nikauliza. Mungu anisamehe, niliuliza. "Pengine, baba, kwa ngozi nyembamba zaidi, na kama mnyama alikuwa mdogo..."

"Ya nini?" akasema. "Huu niliusikia."

Nikaketi kando ya sanduku lake.

"Sikusikia ngozi, binti. Sikusikia mfupa. Miaka yote hii nafumba macho nisikie kama siku ile nilisikia ngozi. Nilisikia majani. Halafu nikasikia 'Baba.'"

Mvua ilikuwa inapiga bati la stoo. Laoban alipita na kikombe chake cha chai, akatutazama, akaenda zake. Mzee akamfuata kwa macho mpaka alipoingia ofisini.

"Yule mama alinielewa siku ya kwanza kabisa, na sisi tukamcheka," akasema. "Nilipiga njia. Mbawala hakuwepo. Nilipiga njia, naye ndiye alikuwa anakuja."

Nikamwambia aende, chungu ni cha mkewe, amesema aje akijibu, na sasa jibu analo. Sanduku hilo hapo. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Nilikuwa naweza kwenda na mshale uliopenya," akasema. "Na hili nitakwenda nalo vipi?"

Akaufunga mshale ndani ya kanga, akausukuma katikati ya robota lililokuwa wazi, chini kabisa kati ya nguo za watu nisiowajua, akapanda juu kwa magoti. Akaniomba nimshikie ncha ya mkanda. Nikamshikia, akavuta.